Kutoka Mchuzi wa Mifupa hadi Gunia la Lisini

Lisini, methionini, threonini na triptofani ni asidi amino nne ambazo viwanda vya chakula cha mifugo huziongeza katika mchanganyiko wa nafaka na mashudu, kwa kawaida kati ya gramu mia chache na kilo chache kwa kila tani. Zikiwa ndani ya gunia ni unga au chembechembe, nyeupe au za rangi ya kahawia, na mtu asiyezijua angeweza kudhani ni chumvi au sukari ya kiwandani. Kila mwaka dunia hutengeneza zaidi ya tani milioni 2 za lisini na zaidi ya tani milioni 1 za methionini, na sehemu kubwa sana ya shehena hiyo huishia matumboni mwa kuku, nguruwe na samaki wa kufugwa. Kuhusu bidhaa hizi yameulizwa maswali mawili tangu mwanzo: je, zinamfaa mnyama, na je, hazimdhuru yeye wala anayemla? Swali la kwanza lilipata jibu katika vizimba vya panya kabla hakijajengwa kiwanda hata kimoja. La pili limejibiwa polepole, na mara nyingi baada ya kasoro fulani kutokea.

Mwaka 1806 wanakemia wawili wa Paris, Louis-Nicolas Vauquelin na Pierre Jean Robiquet, walitenga asparajini kutoka katika maji ya mmea wa asparagasi. Hiyo ndiyo asidi amino ya kwanza kujulikana, ingawa wakati huo hakuna aliyeihusisha na lishe. Suala la lishe lilianzia jikoni mwa maskini. Nchini Ufaransa, hospitali na vituo vya kulisha maskini vilikuwa vikigawa mchuzi wa jelatini iliyochemshwa kutoka kwenye mifupa, kwa imani kwamba jelatini ingeweza kushika nafasi ya nyama. François Magendie, aliyekuwa ameonyesha mwaka 1816 kwamba mbwa wanaolishwa sukari au mafuta peke yake hudhoofika na kufa, aliongoza kamati iliyochunguza mchuzi huo. Taarifa ya mwaka 1841 ilikuwa mbaya kwa watetezi wa jelatini: mbwa waliopewa jelatini bila kitu kingine walikonda. Sababu haikujulikana. Leo inajulikana kwamba jelatini haina triptofani kabisa, kwa hiyo wingi wake ndani ya sufuria usingesaidia kitu.

Funzo hilo lilisahaulika kwa miaka mingi, na aliyelisahaulisha zaidi, pasipo kukusudia, ni Johan Kjeldahl. Mwaka 1883, akifanya kazi katika maabara ya Carlsberg mjini Copenhagen, alibuni njia rahisi ya kupima naitrojeni iliyomo katika nafaka. Kwa kuwa protini nyingi zina naitrojeni karibu asilimia 16, wapimaji walizoea kuzidisha kiasi cha naitrojeni kwa 6.25 na kuita jibu lake protini ghafi. Hesabu hiyo ilikuwa nafuu, ya haraka na ya kurudiwa popote, ndiyo maana hadi leo imechapishwa kwenye mifuko ya chakula cha kuku. Kasoro yake ni kwamba haisemi protini hiyo imeundwa na nini. Mizani ya naitrojeni haitofautishi jelatini na yai.

Mashaka yalijitokeza katika mazizi ya Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, ambako kati ya 1907 na 1911 mitamba walilishwa kwa makundi: wengine mmea wa mahindi peke yake, wengine ngano, wengine shayiri ya farasi, na wengine mchanganyiko wa yote matatu. Kwa vipimo vya kemia milo hiyo ilikuwa sawa. Kwa macho haikuwa sawa hata kidogo, kwani waliokula mahindi walinawiri na kuzaa ndama wenye afya, na waliokula ngano walidhoofika na ndama wao wakafa. Baadaye ilibainika kuwa upungufu mkubwa katika jaribio hilo ulikuwa wa vitamini A na madini, lakini imani ya kwamba maabara ikitangaza usawa basi mnyama naye atakubali ilikuwa imevunjika.

Uthibitisho kuhusu asidi amino zenyewe ulitoka kwa wanyama wadogo zaidi. Frederick Gowland Hopkins wa Cambridge alikuwa ametenga triptofani mwaka 1901, akishirikiana na Sydney Cole. Mwaka 1906 yeye na Edith Willcock walilisha panya zeini, ambayo ndiyo protini kuu ya punje ya mahindi. Panya walikufa mapema, lakini wale walioongezewa triptofani kidogo waliishi muda mrefu zaidi. Hawakukua hata hivyo. Kilichokosekana kilifichuliwa na Thomas Osborne na Lafayette Mendel huko New Haven, katika majaribio waliyoyachapisha mwaka 1914: zeini ilikosa pia lisini, asidi amino ambayo Mjerumani Edmund Drechsel alikuwa ameigundua mwaka 1889 ndani ya protini ya maziwa. Panya waliopewa zeini na triptofani walibaki na uzito uleule. Walipoongezewa lisini wakaanza kukua, na ilipoondolewa ukuaji ukasimama. Hakuna jaribio lililokuwa wazi kuliko hilo katika fani nzima, na mwanzo wa gunia la leo upo pale, katika grafu za uzito wa panya wa New Haven.

Kanuni iliyojitokeza inaeleweka kwa urahisi. Protini ni mlolongo wa asidi amino zilizotungwa kama shanga, na kila protini ina mpangilio wake usiobadilika. Mtunga shanga akiishiwa na nyekundu, kazi yake husimama hata kama bakuli limejaa nyeupe na bluu. Mnyama hana ghala la kuhifadhi asidi amino zilizobaki, hivyo huzichoma kama kuni za kawaida na kuitoa naitrojeni yake kwenye mkojo au, kwa ndege, kwenye kinyesi cheupe cha asidi ya uriki. Asidi amino inayopungua kuliko zote ndiyo inayoamua kiasi cha protini kitakachojengwa. Ikishaongezwa ya kutosha, ile inayofuata kwa uchache hushika usukani.

Orodha ilikamilika taratibu. Methionini iligunduliwa na John Howard Mueller wa New York mwanzoni mwa miaka ya 1920, alipokuwa akitafuta kitu kinachowastawisha bakteria. Kuku na nguruwe hawakuwa akilini mwake. Threonini ilipatikana mwaka 1935 kwa William Rose wa Chuo Kikuu cha Illinois, ambaye panya wake waliendelea kudhoofika hata baada ya kupewa asidi amino zote zilizojulikana, naye akakataa kuamini kwamba nadharia ina kosa mpaka alipokipata kipande kilichokosekana. Rose ndiye aliyezigawa asidi amino katika makundi mawili: zile ambazo mwili hujitengenezea na zile ambazo ni lazima ziliwe.

Kutoka maabara hadi kiwandani, methionini ilitangulia. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, wanakemia wa kampuni ya Degussa nchini Ujerumani walitafuta namna ya kuitengeneza kwa ajili ya tiba ya watu waliovimba kwa njaa. Njia iliyokuja kushinda hutumia bidhaa za mafuta ya petroli, gesi zenye salfa na sianidi ya hidrojeni. Malighafi hizo zinatisha kwa majina, na hutisha pia kwa hatari yake kwa wafanyakazi wa mitambo, lakini kinachotoka mwisho ni methionini ileile iliyomo kwenye yai na dagaa. Tofauti iliyopo ni ya umbo. Kemia ya kiwandani hutoa nusu kwa nusu ya maumbo mawili yanayofanana kama mkono wa kulia na wa kushoto, yanayoitwa D na L, ilhali viumbe hai hujenga protini kwa umbo la L tu. Kwa bahati njema ini na figo za kuku na nguruwe zina vimeng'enya vinavyoigeuza D kuwa L, kwa hiyo mchanganyiko wote hutumika. Laiti vimeng'enya hivyo visingekuwapo, nusu ya kila gunia ingekuwa hasara.

Soko lake lilifunguliwa na ugunduzi ambao hauhusiani na asidi amino. Hadi miaka ya 1940 wafugaji wa Marekani na Ulaya waliamini kwamba kuku hawezi kustawi pasipo unga wa samaki au wa nyama, kwa sababu ya kitu fulani kisichojulikana kilichomo ndani yake. Mwaka 1948 kitu hicho kilitambuliwa: vitamini B12. Kiasi kidogo mno cha vitamini hiyo kiliruhusu kuku alishwe mahindi na mashudu ya soya tu. Mchanganyiko huo una lisini ya kutosha kutokana na soya, ila methionini yake ni chache, nayo ndiyo inayohitajika sana na ndege anayeotesha manyoya. Tangu miaka ya 1950 methionini ya kiwandani ikawa sehemu ya kawaida ya chakula cha kuku wa nyama. Kampuni ya Monsanto nayo ikaleta kitu cha jamii moja, kinachouzwa kama kimiminika, ambacho hugeuka methionini ndani ya mwili. Ni sehemu gani hasa ya kimiminika hicho inayolingana na methionini kamili? Watengenezaji wamebishana kwa miongo mingi, na kila upande una majaribio yake ya kuonyesha. Mnunuzi mwenye busara hutazama bei pamoja na kipimo cha chini, wala hachukui takwimu za mwuzaji kama zilivyo.

Lisini haikuweza kufuata njia hiyo, kwa kuwa mnyama hawezi kabisa kuitumia lisini ya umbo la D. Ilibidi apatikane fundi anayetengeneza L peke yake, na fundi huyo ni kiumbe hai. Japani ilikuwa na msingi. Kikunae Ikeda alikuwa ameitambua ladha ya glutamati mwaka 1908, na biashara ya kiungo hicho ilikuwa imekua. Katikati ya miaka ya 1950 Shukuo Kinoshita na wenzake wa kampuni ya Kyowa Hakko walipata udongoni bakteria anayemwaga glutamati nje ya chembe yake kwa wingi. Leo anaitwa Corynebacterium glutamicum. Kufikia mwaka 1958 walikuwa wamempata wa ukoo huohuo anayemwaga lisini.

Ujanja uliotumika unastahili kuelezwa. Bakteria wa kawaida hatengenezi lisini zaidi ya mahitaji yake, kwa sababu lisini na threonini zikijaa pamoja huzima kimeng'enya kilicho mwanzoni mwa njia ya uzalishaji. Watafiti walichagua bakteria aliyeharibika kiasi cha kushindwa kujitengenezea threonini, wakamlisha threonini kwa kipimo kidogo, cha kumwezesha kuishi tu. Breki ikakosa mguu wa pili wa kuikanyaga, na lisini ikaendelea kumiminika. Chakula chake ni molasi ya miwa au sukari ya wanga wa mahindi, pamoja na amonia. Baadaye bakteria hao waliboreshwa kwa uhandisi wa jeni, lakini msingi wa kazi ulibaki uleule: tangi kubwa la chuma, hewa, sukari na subira ya siku chache.

Kwa zaidi ya muongo mmoja lisini ilibaki bidhaa ya pembeni, kwa kuwa mashudu ya soya na unga wa samaki vilikuwa rahisi. Hali iligeuka kati ya 1972 na 1973. Joto la bahari la El Niño, likiongezewa uvuvi uliopita kiasi, liliangusha uvuvi wa dagaa aina ya anchoveta huko Peru, kutoka zaidi ya tani milioni 12 mwaka 1970 hadi chini ya tani milioni 2 mwaka 1973. Unga wa samaki ukaadimika, wanunuzi wakakimbilia soya, bei zikapaa, na Juni 1973 serikali ya Rais Richard Nixon ikazuia kwa muda uuzaji wa soya nje ya Marekani. Wafugaji wa Japani na Ulaya, waliotegemea soya ya Marekani, walipigwa na butwaa. Hapo ndipo hesabu ya watu wa lishe ilipopata wasikilizaji: kwa kipimo cha kukisia, kilo 3 za lisini pamoja na kilo 97 za mahindi hushika nafasi ya kilo 100 za mashudu ya soya katika chakula cha nguruwe. Si mabadilishano kamili, maana threonini na triptofani hupungua vilevile, lakini yalitosha kuwafanya watu wajenge viwanda, kikiwamo kile cha Amiens, Ufaransa.

Swali la ufanisi nalo likabadilika sura. Awali lilikuwa kama mnyama ataitikia akiongezewa lisini. Kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1980 likawa ni uwiano gani wa asidi amino zote unaomfaa kuliko mwingine wowote. Wazo hilo la protini kamilifu lilianzia Illinois kwa H. H. Mitchell na kuchukua umbo la kitarakimu nchini Uingereza, kwa ajili ya nguruwe. Lisini ilifanywa kipimio, ikapewa 100, na nyingine zikapangwa kwa kulinganishwa nayo. Kwa kifaranga wa nyama, methionini na sistini pamoja hukadiriwa karibu 72, threonini karibu 67. Lisini ilichaguliwa kwa sababu ya kivitendo: ni rahisi kuipima, na mwili huitumia karibu yote kujenga nyama, bila shughuli nyingi za kando.

Matokeo yake mazizini ni makubwa, ingawa si sahihi kuipa asidi amino sifa isiyo yake. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, walifuga kwa chakula kimoja kuku wa ukoo uliohifadhiwa bila kuchaguliwa tangu 1957 pamoja na kuku wa kisasa wa 2005. Katika siku 56 wa zamani alifikia gramu 905, wa kisasa gramu 4,202. Chakula kilikuwa kilekile, kwa hiyo tofauti hiyo ni ya uzao. Kazi ya asidi amino ni kumwezesha kuku wa aina hiyo kufikia uwezo wake bila kulishwa protini ya kumwaga.

Mipaka ya ufanisi ilijulikana mapema. Ng'ombe, mbuzi na kondoo, kwa kuwa hucheua, wana bakteria katika tumbo la kwanza wanaoivunjavunja asidi amino iliyoletwa wazi kabla haijafika kwenye utumbo. Lisini ya kuku akipewa ng'ombe wa maziwa ni pesa iliyotupwa. Ilibidi chembe zake zifunikwe kwa mafuta au kwa utando usioyeyuka mpaka ukutane na asidi ya tumbo la nne. Mpaka mwingine ni joto. Mashudu yaliyokaangwa kupita kiasi wakati wa kukamua mafuta huwa na lisini iliyoshikamana na sukari, ambayo maabara huihesabu lakini mnyama haipati. Mwaka 1960 Kenneth Carpenter wa Cambridge alichapisha njia ya kupima lisini inayopatikana kwa kweli, na tangu hapo vitabu vya lishe vimezoea kutaja asidi amino zinazomeng'enywa kuliko zilizomo. Soya mbichi ina tatizo la upande wa pili: isipopashwa moto, vizuizi vilivyomo ndani yake huzima vimeng'enya vya utumbo, jambo ambalo Osborne na Mendel walilionyesha mwaka 1917.

Kuhusu usalama, jambo la kwanza kuthibitishwa ni kwamba asidi amino zilizoongezwa hazijilimbikizi katika nyama, mayai wala maziwa. Zikishaingia kwenye damu hazina alama ya kuzitofautisha na zile za mahindi. Hujengwa mwilini au huchomwa. Hatari iko kwa mnyama mwenyewe anapozidishiwa. Alfred Harper na wenzake wa Wisconsin walionyesha, katika miaka ya 1950 na 1960, kwamba kuongeza asidi amino moja isiyohitajika kunaweza kumfanya panya akatae chakula na kusimama kukua, hata kama hakuna sumu yoyote. Methionini ndiyo kali kuliko zote inapopita kiasi. Kwa kuku, lisini nyingi mno huchochea figo kuvunja arijinini, na ndege hana njia ya kujitengenezea arijinini, kwa hiyo kilichokusudiwa kuondoa upungufu mmoja huzaa mwingine. Kipimo ndicho dawa, na bei ya bidhaa yenyewe humlinda mnyama, kwani hakuna mfanyabiashara anayemwaga methionini ovyo.

Jambo la pili ni usafi, na somo lake lilitokea kwa binadamu. Mwaka 1989 nchini Marekani watu waliokuwa wakimeza vidonge vya triptofani walianza kupata maumivu makali ya misuli pamoja na ongezeko la aina fulani ya chembe nyeupe za damu. Zaidi ya watu 1,500 waliugua na wasiopungua 37 walifariki. Uchunguzi uliwaelekeza wataalamu kwenye triptofani ya mtengenezaji mmoja wa Japani, Showa Denko, aliyekuwa amebadilisha bakteria wake na kupunguza hatua za kuchuja. Mjadala kuhusu uchafu gani hasa ulisababisha ugonjwa haukumalizika, lakini desturi ilibadilika: tangu hapo anayetaka kibali cha asidi amino iliyochachushwa huulizwa kuhusu kiumbe kilichoitengeneza na mabaki yake, hata kama unga wenyewe ni safi kwa asilimia 98.

Biashara yenyewe haikuwa safi pia. Kampuni ya Archer Daniels Midland, au ADM, ilifungua kiwanda kikubwa cha lisini huko Decatur, Illinois, mwaka 1991, na bei ikaporomoka karibu nusu. Kuanzia Juni 1992 wakubwa wa ADM, Ajinomoto, Kyowa Hakko na kampuni mbili za Korea Kusini walikutana hotelini, mji hata mji, kupanga bei na kugawana tani za kuuza. Hawakujua kwamba Mark Whitacre, mkuu wa kitengo cha lisini cha ADM na msomi wa biokemia ya lishe, alikuwa akiwarekodi kwa niaba ya FBI. Baada ya upekuzi wa Juni 1995, ADM ilikiri makosa na mwaka 1996 ikalipa faini ya dola milioni 100, zikiwamo 70 kwa ajili ya lisini, na viongozi wake wawili wakafungwa. Whitacre naye alifungwa, na kwa muda mrefu zaidi, kwa kuiba mamilioni ya kampuni hiyo wakati akiwa mtoa habari. Mwaka 2000 Tume ya Ulaya iliongeza faini zake, jumla ya takriban euro milioni 110. Walioumia ni wafugaji, ambao kwa miaka mitatu walinunua kila gunia kwa bei ya njama.

Wakati kesi hizo zikiendelea, ugonjwa wa kichaa cha ng'ombe uliotambuliwa Uingereza mwaka 1986 ulikuwa ukiondoa mezani vyanzo vya zamani vya protini. Ulaya ilizuia unga wa nyama na mifupa kwa wanyama wanaocheua mwaka 1994, kisha mwanzoni mwa 2001 kwa mifugo yote. Pengo lilizibwa kwa soya na asidi amino. Norwei ilionja upande usiotarajiwa wa badiliko hilo: unga wa damu ulipoondolewa katika chakula cha samaki aina ya salmoni katika miaka ya 1990, samaki wakaanza kupata mtoto wa jicho. Damu ilikuwa imewapa histidini nyingi bila mtu kuitilia maanani, na ilipoongezwa histidini, tatizo likapungua.

Sheria ya Ulaya ya mwaka 2003, namba 1831, iliziweka asidi amino katika kundi la viongezo vya lishe, na kila moja hupimwa na mamlaka ya usalama wa chakula, EFSA. Wakaguzi huuliza mambo manne: usalama wa mnyama, wa mlaji, wa mfanyakazi anayefungua gunia, na wa mazingira. La mfanyakazi husahaulika kirahisi, ingawa vumbi la bidhaa zilizochachushwa linaweza kubeba masalia ya kuta za bakteria yanayodhuru mapafu. Mabishano makali zaidi yapo kwenye kilimo hai. Ulaya hukataza methionini ya kiwandani kwa kuku wa kilimo hicho, wakati Marekani huiruhusu kwa kipimo maalumu, na kuku wenyewe hawajabadilisha mahitaji yao kwa kuvuka Atlantiki.

Udhaifu wa hesabu ya Kjeldahl ulirudi kwa kishindo mwaka 2007, wakati protini ya ngano kutoka China iliyoingizwa katika chakula cha mbwa na paka wa Marekani ilipogunduliwa kuwa na melamini, kemikali ya plastiki iliyojaa naitrojeni. Mwaka uliofuata melamini hiyohiyo ilipatikana katika maziwa ya watoto huko China. Watoto wapatao 300,000 waliathirika na sita walikufa. Walaghai walijua kwamba kipimo hutazama naitrojeni tu. Kipimo cha asidi amino, ambacho ni ghali zaidi, kingewaumbua mara moja.

Katika miaka ya karibuni hoja ya mazingira imeipa bidhaa hii sababu mpya. Protini ghafi ikipunguzwa kwa asilimia moja ya chakula na asidi amino zikajazwa mahali pake, naitrojeni inayotoka kwenye kinyesi na mkojo hupungua kwa takriban asilimia 8 hadi 10. Uholanzi, iliyobanwa na mlundikano wa samadi ya nguruwe, ililitilia mkazo jambo hilo mapema. Valini na isolusini zimeshaingia kwenye orodha ya zinazouzwa, kwa kuwa kila protini inaposhushwa asidi amino nyingine hujikuta ndiyo inayopungua.

Afrika Mashariki iliingia katika historia hii kupitia kuku wa mjini. Mfugaji wa Dar es Salaam, Nairobi au Kampala anayechanganya mwenyewe hutumia pumba na mahindi yaliyoparazwa, mashudu ya alizeti au ya pamba, soya akiipata, chokaa, chumvi, na dagaa wa Ziwa Victoria, waitwao omena kwa Wajaluo na mukene kwa Waganda. Dagaa ndiye chanzo cha asili cha lisini na methionini kwa pamoja, lakini huwania meza moja na watu, bei yake hupanda msimu kwa msimu, na akianikwa chini huja na mchanga ambao humlipisha mnunuzi uzito usio na lishe. Alizeti ya Singida na Dodoma ina methionini nzuri na lisini haba. Soya ni kinyume chake, na ndiyo maana mbili hizo zikichanganywa husaidiana. Anayetumia alizeti peke yake, hasa iliyokamuliwa kwa joto kali, ana sababu ya kuongeza lisini. Anayetegemea soya ana sababu ya kuongeza methionini. Anayenunua zote mbili kwa kufuata maneno ya dukani, bila kujua pungufu lake, hulipia mojawapo bure.

Kenya ina Sheria ya Mbolea na Vyakula vya Mifugo, Sura ya 345, na Tanzania ilitunga sheria ya nyanda za malisho na vyakula vya mifugo mwaka 2010. Lakini maabara za kupima asidi amino ni chache na ghali kwa mchanganyaji mdogo, kwa hiyo lebo yenye tarehe na jina la mtengenezaji ndiyo kinga yake ya kwanza, na namna ya kuchanganya ndiyo ya pili. Kilo 2 za methionini zikimwagwa juu ya tani moja na kugeuzwa kwa koleo hazienei: kuku wa upande mmoja hupata ya kuzidi na wa upande mwingine hupata pumba. Ndiyo sababu mafundi huanza kwa kuichanganya methionini na kilo chache za pumba laini, pamoja na vitamini na madini, kisha mchanganyiko huo huingizwa katika kilo hamsini, na hamsini hizo ndizo huingia kwenye tani.